Orodha Inayochezeka

Mwishoni mwa Juni wimbo huu husikika hapa Kinama, Bujumbura, kuliko majira mengine yote ya mwaka. Tarehe 30 ni sikukuu ya uhuru wa Congo, na kesho yake, tarehe 1 Julai, ni yetu sisi Warundi. Mbelgiji alikuwa mmoja, tarehe zikafuatana, miaka ikapishana miwili tu, 1960 na 1962. Redio ikiuanzisha kwa ajili ya jirani, haina haja ya kuuondoa mpaka na sisi tumalize gwaride letu. Kinyozi anaupiga, mwenye kabare anaupiga, na kijana anayejaza watu nyimbo kwenye memori kadi karibu na soko anao kwenye kompyuta yake, kati ya Bongo Fleva na nyimbo za injili. "Indépendance Cha Cha" wa Joseph Kabasele na bendi yake African Jazz umeshapita miaka sitini, na bado mtu akiusikia huweka chini alichoshika.

Ukiutazama kwa maandishi tu, wimbo huu haukupaswa kuishi. Ni wimbo wa habari. Unatangaza matokeo ya mkutano wa kisiasa, unataja vyama ambavyo vingi vimekwisha kufa na wanasiasa ambao wengi wao hawakumbukwi tena hata makwao. Nyimbo za namna hiyo tunazijua: hutungwa kwa ajili ya uchaguzi, ziara ya rais au sikukuu ya chama, hupigwa mpaka watu wakachoka, kisha huzikwa pamoja na fulana zilizogawiwa siku hiyo. Huu haukuzikwa. Na hapa kwetu wengi wanaoucheza ni watu wa Kirundi, Kiswahili wamekipatia sokoni na mtaani, na Kilingala chao ni kile cha kwenye nyimbo: kiitikio wanakishika, ubeti unawapita. Ujumbe haukuwafikia kamwe, lakini wanasimama na kucheza. Nimeusikiliza kwa miaka mingi, kwa vyombo vizuri na vibovu, na kadiri ninavyousikiliza ndivyo ninavyoamini kwamba kilichouweka hai ni namna ulivyoundwa. Ni kazi ya mafundi, na ninataka kuieleza kifundi, sehemu baada ya sehemu.

Kwanza ulikotoka. Tarehe 20 Januari 1960 viongozi wa Congo na wa Ubelgiji walikaa Brussels katika mkutano ulioitwa Meza ya Duara. Patrice Lumumba hakuwepo siku ya kufungua, alikuwa gerezani Stanleyville. Wenzake wakashikilia atolewe, akatolewa, akafika Brussels tarehe 26. Siku iliyofuata ikajulikana tarehe ya uhuru: 30 Juni mwaka huohuo. Thomas Kanza, kijana msomi wa Léopoldville (Kinshasa ya leo), alikuwa ameona kwamba jambo kubwa kama hilo haliwezi kupita bila muziki, akawaalika wanamuziki wavuke bahari. Wakaja Kabasele mwenyewe, Nicolas Kasanda aliyeitwa Docteur Nico kwenye gitaa la solo, kaka yake Charles Mwamba, maarufu Dechaud, kwenye gitaa la pili, Roger Izeidi kwenye maraka na sauti, na Pierre Yantula, yaani Petit Pierre, kwenye tumba. Kutoka OK Jazz, bendi ya Franco, walikuja Vicky Longomba kuimba na Armando Brazzos kupiga besi. Anayejua ushindani wa bendi hizo mbili ataelewa uzito wa jambo hilo. African Jazz na OK Jazz ziligawana jiji zima la Léopoldville, mtu akichagua moja anaikana nyingine. Lakini Brussels waliimba kwenye maikrofoni moja. Walipiga Hoteli Plaza mbele ya wajumbe, na hukohuko Ulaya, kabla ya kurudi nyumbani, wimbo ukaingia kwenye santuri.

Angalia kikosi hicho. Hakuna mpuliza saksofoni, hakuna tarumbeta. Ni magitaa mawili, besi, tumba, maraka na sauti. Bendi nyingi za siku hizi zikipata nafasi ya kutangaza tukio la taifa zingeongeza kila kitu kinachopiga kelele. Hawa walikuwa wachache, na uchache huo ukawalazimisha kila mmoja ajue mahali pake. Sidhani wimbo ungekuwa bora kama bajeti ya safari ingekuwa kubwa zaidi.

Sasa ubeti, maana hapo ndipo ninapouheshimu zaidi. Kabasele alijipa kazi ambayo mtunzi mwenye akili angeikwepa: kutaja. Kwenye Meza ya Duara kulikuwa na vyama vingi, kila kimoja na mwenyekiti wake, na kila mwenyekiti na watu wake nyumbani wenye masikio makali. Ukimsahau mmoja umemtukana. Ukimtanguliza mmoja mno umemkweza. Kabasele akawataja haraka, kama mshereheshaji wa arusi anayejua kwamba wageni wa heshima ni wengi na pilau inapoa. Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Tshombe, Kalonji, Kamitatu, na Mzee Daniel Kanza, baba yake yule Thomas aliyewaalika: kila jina linapata nafasi ndogo ileile, na hakuna linalopata sifa. Hakuna shujaa, hakuna baba wa taifa, hakuna simba. Kuna majina tu, na majina yamepangwa kwa sikio.

Utaona anavyofanya na vyama. Abako, Ugeco, Asoreco ni majina yanayofunga kwa silabi moja, na Kilingala, kama Kiswahili, kinapenda neno liishie kwenye irabu; kwa hiyo anayaimba mazima, yanaingia kwenye muziki kama yalizaliwa humo. Lakini MNC ya Lumumba haiimbiki. Wala PDC. Hapo anazitamka herufi kwa herufi kwa Kifaransa, na ghafla unagundua kwamba zote mbili zina mapigo matatu na zote zinaishia kwa sauti moja, *se*. Herufi kavu za siasa, zilizobandikwa kwenye kadi za uanachama, zimegeuka kazi ya maraka. PSA inafuata kwa mapigo matatu yaleyale. Kisha, baada ya vyama vyote, anaiweka African Jazz yenyewe kwenye orodha, pamoja na Meza ya Duara, kana kwamba bendi nayo ilikuwa na ujumbe rasmi mkutanoni. Ninaipenda sana hatua hiyo. Ni ya mtu anayejua kazi yake ina thamani gani, akaisema bila kuinua sauti.

Kiitikio nacho kimefikiriwa. Uhuru unatajwa kwa Kifaransa, unatajwa kwa Kikongo, unatajwa kwa Kilingala, zamu kwa zamu, na kila mara neno "cha cha" linafuata kama muhuri. Mtu wa Bas-Congo anasikia kwao, mtu wa mtoni anasikia kwao, aliyesoma shule ya masista anasikia kwao. Na sisi tusiosikia kwetu hata mara moja tunabaki na hilo "cha cha", ambalo halihitaji kufundishwa. Ndiyo maana mtoto wa Kinama wa darasa la pili anaweza kuitikia bila kukosea. Amepewa mlango wake.

Cha-cha-cha yenyewe ilikuwa bado mbichi. Enrique Jorrín, mpiga fidla wa Havana, ndiye aliyeianzisha Cuba mwanzoni mwa miaka ya 1950. Santuri ya "La Engañadora" ilitoka 1953. Lakini Congo ilikuwa imeshazoea muziki wa Cuba tangu kabla, kupitia zile santuri zenye namba za GV zilizoletwa na wafanyabiashara, na haikuwa Congo peke yake. Morogoro kulikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Ukanda wetu wote ulipokea muziki huo kama kitu kilichokopwa zamani na sasa kinarudi na riba. Hesabu ya cha-cha-cha ni nyepesi: mapigo manne, la nne linapasuliwa mara mbili, mguu unatua kwenye la kwanza la mzunguko unaofuata. Tatu fupi, kisha nafasi. Hiyo nafasi ndiyo inayompa mchezaji muda wa kujua mwili wake ulipo, hata kama ni mzee, hata kama amevaa viatu vya kuazima. Dansi ya haraka zaidi ingewaacha nje wajumbe wa miaka hamsini pale Hoteli Plaza, na ingewaacha nje wajomba zetu kwenye arusi za hapa.

Juu ya hayo yote kuna sauti ya Kabasele. Alizaliwa Matadi 1930, akapitia kwaya ya kanisa, na African Jazz ilianza 1953 akiwa bado kijana. Ana sauti laini, ya mtu anayeimba karibu na sikio lako. Fikiria: amebeba habari kubwa kuliko zote katika historia ya nchi yake, na hapazi sauti. Hakuna mahali anapovunjika kwa hisia, hakuna mahali anaposhangilia. Anaeleza, anatabasamu, anaendelea, na Longomba na Izeidi wanamwekea sauti zao pembeni bila kumziba. Waimbaji wengi ninaowasikia wakiurudia wimbo huu kwenye sherehe wanakosea hapohapo. Wanadhani furaha inatakiwa iongezwe. Furaha imeshawekwa kwenye mdundo; ukiiongeza kooni inakuwa mbili, na moja ni ya bandia.

Magitaa ndiyo yaliyonichukua muda mrefu zaidi kuyaelewa, na niliyaelewa kwa kutazama mikono ya mtu. Upande wa Carama kuna mzee anayefundisha gitaa jioni uani kwake. Alijifunza kwa mpigaji mmoja wa Uvira zamani, na yeye hufundisha vijana wa mitaa ya karibu, ile yenye majina ya mikoa ya zamani, Ngozi, Ruyigi, Muyinga, kwa bei ambayo sijui kama inalipia hata nyuzi. Gitaa lake la umeme ni la siku nyingi, na umeme ukikatika anachukua lile la kawaida na somo linaendelea. Kijana anapofika akiwa na hamu ya wimbo huu, mara nyingi mazungumzo huenda hivi:

"Mzee, mimi nataka ile solo."

"Ya nani, mwanangu?"

"Ya Docteur Nico."

"Nico alikuwa na kaka yake. Anza kwa kaka."

Na kijana anaanza kwa Dechaud, yaani kwa akompa, lile gitaa la pili, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu sehemu ya Dechaud ukiisikia haraka unadhani haina kitu. Korodi ni tatu zilezile ambazo kila anayeanza gitaa anazijua. Hakuna ya ziada. Ugumu uko kwenye kuzikata. Mzee anaonyesha polepole: mkono wa kulia unapiga, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea, havitoki kwenye nyuzi, vinalegea tu kiasi cha kuua mlio. Ukichelewa, korodi inavuja na kuingia kwenye nafasi ya tumba. Ukiwahi, inasikika kama mtu anagonga ubao. Kati ya kuwahi na kuchelewa kuna mahali padogo sana, na Dechaud anakaa hapo wimbo mzima, dakika tatu hivi, bila kuteleza na bila kujionyesha. Mzee humfanya mwanafunzi apige hivyo huku wengine wakipiga soga, huku watoto wakipita, huku sufuria zikioshwa nyuma ya nyumba. Anataka mkono uendelee hata akili ikitoka. Akiona kijana anatazama vidole vyake humfunika macho kwa kofia.

Nilikuwa nikidhani huo ni ukali wa wazee. Kumbe ni njia pekee ya kufika kwa Nico. Kwa sababu solo ya Nico, ukiitenga na kuipiga peke yake, ni nzuri lakini inaning'inia. Anapenda noti mbili kwa pamoja, ya juu na ya chini zikitembea bega kwa bega, na anapenda kuingia nyuma kidogo ya pigo, kama mtu asiye na haraka. Uchelewaji huo unasikika kuwa ni mtindo kwa sababu tu chini yake kuna mtu asiyechelewa kamwe. Mmoja anaweza kucheza na wakati kwa kuwa mwingine anaulinda. Nico alikuwa na umri wa miaka ishirini alipopiga sehemu hiyo. Alizaliwa Mikalayi, Kasai, mwaka 1939, na mwaka 1957 alihitimu kuwa mwalimu wa ufundi. Nafikiri mafunzo yale hayakupotea bure. Anapiga kama mtu anayejua kila sehemu ya mashine inafanya nini, na hagusi isiyohitaji kuguswa. Jina la Docteur walimpa mashabiki, nao hawakukosea.

Kuna mahali, waimbaji wakinyamaza, ambapo gitaa lake linachukua wimbo peke yake. Sikiliza tumba hapo: Petit Pierre haongezi nguvu. Sikiliza maraka: zilezile. Wote wamemwachia uwanja lakini hakuna aliyeondoka kazini. Naye haukimbilii mwisho wa gitaa, kule kwenye noti kali ambako vijana wetu wanapenda kwenda mapema. Anazunguka katikati, anarudia kifungu, anakibadilisha kidogo, anakirudia, kisha anawarudishia waimbaji mahali palepale alipowapokea. Sijasikia toleo jingine, na nimesikia mengi, ambalo makabidhiano hayo yamefanywa kwa adabu zaidi.

Yaliyofuata baada ya santuri kutoka yanajulikana, na yanaufanya wimbo uwe mgumu kusikiliza kwa mtu anayefuata majina. Bolikango na Kasavubu walishindania urais mwezi Juni, Kasavubu akashinda. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru, Tshombe alitangaza Katanga imejitenga. Agosti Kalonji akafuata na Kasai Kusini. Tarehe 5 Septemba Kasavubu alitangaza kumwondoa Lumumba kwenye uwaziri mkuu, na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba aliuawa Katanga. Chini ya mwaka mmoja tangu Hoteli Plaza, watu waliotajwa kwa pumzi moja walikuwa maadui, na mmoja wao amekufa. Hata bendi haikusalimika. Mwaka 1963 Nico na Dechaud waliondoka pamoja na kijana Tabu Ley, aliyekuwa akiitwa Rochereau, wakaunda African Fiesta, na African Jazz haikurudi tena kuwa ile ya kwanza. Kabasele alifariki Kinshasa mwaka 1983, Nico akafariki Brussels, jiji lilelile, mwaka 1985.

Wimbo wa sifa usingevumilia hayo. Kama Kabasele angemwita mmoja mkombozi, nusu ya nchi ingeuvunja kwa hasira kabla ya Krismasi. Lakini hakudai kwamba watu hawa ni wema. Alisema tu kwamba siku moja walikaa pamoja na wakakubaliana jambo moja, na hilo lilikuwa kweli, na limebaki kweli hata baada ya damu. Ndiyo maana Congo inaweza kuupiga kila mwaka, iwe madarakani yuko nani. Huo ni uamuzi wa kiufundi kabla ya kuwa wa kisiasa: aliyeamua kutaja badala ya kusifu aliupa wimbo maisha marefu.

Kwetu Burundi una ladha nyingine tena. Usumbura ya 1960, ambayo baadaye ikaitwa Bujumbura, ilikuwa na Wakongo wengi, na nchi yetu ilikuwa imefungwa pamoja na Congo katika utawala mmoja wa Kibelgiji tangu 1925. Uhuru ulikuwa wa jirani, sisi tulikuwa bado. Tarehe 18 Septemba 1961 chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilishinda uchaguzi. Tarehe 13 Oktoba Rwagasore akapigwa risasi mgahawani, kando ya ziwa, na tarehe 1 Julai 1962 ikafika bila yeye. Kwa hiyo Mrundi anaposikia orodha ya viongozi ikiimbwa kwa furaha, hata kama hawajui hao viongozi, anajua namna orodha za aina hiyo zinavyoisha. Kinama inajua zaidi ya hapo. Mitaa hii ya kaskazini mwa jiji ilipita katika vita vya miaka ya 1990, watu wakakimbia, nyumba zikabomoka, wakarudi wakajenga tena. Nimewaona watu wazima waliopita katika hayo yote wakicheza wimbo huu kwenye sikukuu, taratibu, tatu fupi kisha nafasi, na sikuona kwamba wamesahau kitu. Wimbo hauwaombi wasahau. Unawapa hesabu ya kutosha kuinua mguu.

Ulivuka mipaka mingine pia. Northern Rhodesia, Zambia ya leo, vuguvugu la kumpinga Mwingereza mwaka 1961 liliitwa Cha-cha-cha, na Lusaka hadi leo kuna barabara yenye jina hilo. Mwaka 2010, Congo ilipotimiza miaka hamsini ya uhuru, Baloji, rapa aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, alitoa toleo lake na kulipa majina mawili, la Kifaransa "Le Jour d'après" na la Kiswahili "Siku ya Baadaye". Nililisikiliza nikiwa na wasiwasi. Aliandika mashairi mapya kwa Kifaransa juu ya nchi aliyoikuta, machungu mengi na maswali mengi, lakini kiitikio alikiacha mahali pake, na mdundo hakuukimbiza. Fundi mzuri anapofungua saa ya fundi mwenzake anajua kipi asikiguse, na Baloji alijua.

Bendi zetu za arusi ningeziomba zifanye vivyo hivyo. Nasema hivi kwa mapenzi, kwa sababu ndizo zinazoulinda wimbo kuliko maktaba yoyote. Seti ya ngoma iliyopigwa kwa nguvu inaua maraka, na bila maraka zile herufi za vyama hazina pa kutua. Kinanda kinachojaza kila mwanya kinamfukuza Dechaud. Na kasi: wengi wanauanza kwa kasi ya sebeni, ukifika ubeti wa majina mwimbaji anameza nusu ya vyama, wageni wanaruka tu. Ukipunguza kidogo, hata kwa spika mbovu, majina yanarudi moja moja.

Mzee wa Carama sasa ana wasichana wawili, mtu na mdogo wake, waliokuja wakitaka kupiga kanisani. Amewapa wimbo huu kama zoezi. Mkubwa alishika solo, mdogo akompa, na baada ya muda akawaamuru wabadilishane, kisha wabadilishane tena, mpaka kila mmoja ajue mwenzake anahitaji nini. Mdogo ndiye anayekata korodi vizuri zaidi. Mkubwa bado anawahi. Juzi walikuwa wamefika kwenye ubeti wa majina, na mzee, ambaye hana tena sauti ya kuimba, alikuwa akiwatajia vyama kwa mdomo mkavu huku akigonga goti, em-en-se, pe-de-se, na kuwasimamisha kila mkono wa mkubwa ulipotangulia.